Kabla hujanunua kamera ya kwanza hapa Lubumbashi

Anza na simu uliyo nayo. Kama bado hujaweza kumpiga mama yako picha nzuri akiwa amekaa kivulini mwa mwembe wa lupango (ua wa nyumba), uso ameuelekeza kwenye mwanga, kamera ya dola 600 haitakusaidia. Saa sita mchana jua letu linaangukia utosini na macho ya watu yanapotea gizani. Subiri saa kumi, au mkalishe mtu barazani. Somo hilo ni la bure, na ndilo kubwa.

Sasa fedha. Vijana wengi huhangaika mwaka mzima kukusanya dola, halafu wanazimaliza zote kwenye kamera yenyewe. Usifanye hivyo. Ukiwa na 500, kamera na lenzi yake visipite 350. Zinazobaki ni za betri ya pili, kadi mbili za memori, chaja ya kuaminika na begi linalofungika vizuri. Kamera iliyotumika haina aibu yoyote.

Ila iliyotumika inakaguliwa mchana, mkononi mwako, kabla pesa haijatoka mfukoni. Bana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), piga picha ya ukuta mweupe, kisha uikuze: madoa yanayorudi mahali palepale kila picha ni uchafu ulioko kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Mulika lenzi kwa tochi ya simu ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu ya unyevu. Irudishe mezani uage. Uliza shata, pazia linalofunguka kila unapopiga, imefyatuka mara ngapi. Kamera nyingi za kuanzia zimeundwa kuvumilia kama mara 100,000. Kwa Nikon na nyingi za Sony idadi hiyo inasomeka ndani ya faili ya picha. Kwa Canon ni kazi zaidi kuipata. Halafu fungua menyu. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, wala hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Mara nyingi ndiyo sababu bei yake imekuwa tamu.

Lenzi ya milimita 18-55 inayokuja na kamera inatosha mchana. Kwa ukumbi wa usiku tafuta ya f/1.8, maana inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko f/5.6. Wengi watakuambia ununue ya milimita 50. Sikiliza vizuri: kwenye kamera ndogo za kuanzia, zenye sensa ndogo, hiyo 50 inaona kama 75 au 80, yaani eneo jembamba zaidi. Ndani ya sebule ya Katuba utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na shangazi wawili bado wako nje ya picha. Kwa kazi za nyumbani chukua 35.

Sasa kadi ya memori, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo nilipoona mtu akiumia.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amefanya karibu yote niliyoyataja. Kamera yake ilikuwa Canon safi, lenzi mbili, betri mbili. Kadi aliikuta kwa mchuuzi barabarani: 128 GB, maandishi mazuri, pakiti imefungwa, bei theluthi ya ile ya dukani. Aliiweka kwenye kamera, kamera ikaikubali na kuonyesha nafasi ya maelfu ya picha. Jumamosi akapiga harusi ya watu wa Kamalondo: asubuhi bibi arusi akisukwa, kisha kutia sahihi kwenye komini (ofisi ya serikali ya mtaa), kanisa, ukumbi hadi usiku. Kila alipopiga, picha ilitokea kwenye kioo, ikang'aa. Hakuwa na sababu ya kushtuka.

Jumapili akanipigia simu. "Yaya, majina ya picha yote yako, lakini hazifunguki." Nilikwenda. Za nywele zilifunguka, za komini zilifunguka. Ya mlango wa kanisa ilikuwa nusu, chini yote kijivu. Baada ya hapo, hakuna kitu. Bibi mzaa mama wa bibi arusi alikuwa ameletwa kutoka Likasi, na familia ilikuwa imeomba kwa jina picha yake akimshika mjukuu mkono. Haikuwepo.

Tulikwenda kwa wazazi pamoja na mjomba, kwa sababu kijana haendi peke yake kusema neno kama hilo. Baba wa bibi arusi hakupaza sauti. Aliuliza tu tutampaje binti yake siku ile. Avansi, yaani malipo ya awali, ilirudishwa yote, na lenzi ya pili ikauzwa ili irudi. Familia ilikusanya picha za simu za wageni, zenye giza, zilizotikisika, na hizo ndizo wanazo mpaka leo.

Elewa wizi wenyewe. Ndani ya kadi ya bandia mnakuwa na nafasi ya GB 8 au 16 hivi, lakini kidude kinachoiongoza kimefundishwa kuiambia kamera kwamba ni 128. Nafasi ya kweli ikijaa, kadi inaendelea kusema "nimepokea" huku picha mpya zinaanguka patupu au zinafuta za zamani. Majina yanabaki kwa sababu orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu iliyo nzima. Na ile picha unayoiona mara tu baada ya kufyatua inatoka kwenye memori ya ndani ya kamera yenyewe, bado haijasomwa kutoka kwenye kadi. Ndiyo maana mpigaji hagundui. Programu za kurejesha picha zilizofutika hazisaidii hapa, kwani kisichoandikwa hakirejeshwi.

Kwa hiyo kadi mpya, hata ya dukani, jaza yote kabla ya kazi. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure ya kuijaza na kuikagua, H2testw. Kwa Linux na Mac kuna F3. Huna kompyuta? Piga video za ukuta mpaka kadi ijae, kisha zifungue moja moja hadi ya mwisho. Ichukue saa zinazotaka. Heri kadi mbili za 32 zilizopimwa kuliko moja ya 128 usiyoijua: asubuhi ya harusi tumia moja, jioni nyingine. Usiku uleule nakili sehemu mbili, na usifute kadi kabla mteja hajapokea.

Mengine nayataja haraka. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika na kurudi kwa kishindo unaunguza chaja, basi chomoa ukikatika, na chaji betri zote siku mbili kabla. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu liko kila mahali: zima kamera, ielekeze chini, badilisha lenzi ndani ya nyumba, wala usipulize sensa kwa mdomo. Masika hifadhi kila kitu na vifuko vya kunyonya unyevu. Taa za LED za kumbi zikitia mistari kwenye picha, shusha kasi ya shata hadi 1/100 au 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Gauni jeupe linaidanganya kamera, nayo inatia nyuso zetu giza. Pima mwanga kwenye uso, na piga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaibana, ili uwe na pa kurekebishia.

Usielekeze kamera kwa askari, kambi, uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa. Hata bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, ambalo kila mtu analo kwenye simu, ukilisogelea na lenzi ndefu utaulizwa karatasi. Omba ruhusa kwanza, kwa maandishi ikiwezekana. Sokoni muulize mama kabla ya kumpiga, na akikataa, shusha kamera. Kwenye moto (pikipiki) begi liwe kifuani, mikanda imefungwa. Na kabla ya harusi yoyote andikeni: bei, avansi, picha ngapi, lini, na nini kitafanyika zikipotea. Wasaini wote wawili, na shahidi awepo.