Tembe ya kipandauso humezwa hata siku ambayo kichwa hakiumi

Kama kipandauso kinakulaza kila mwezi, muulize daktari kuhusu propranolol. Mimi ni fundi wa nguo Kibuye, hapa Kisumu, na jua la saa nane likigonga mabati ya jirani lilikuwa linanimaliza. Siku hizi kinanijia kwa nadra, na kikija sifungi kibanda.

Dawa hii ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 kwa ajili ya moyo, kisha ikaonekana inatuliza na kipandauso. Haiondoi maumivu yaliyokwisha kuanza. Kazi yake ni kuyazuia yasije. Kwa hiyo unaimeza kila siku, hata ukiwa mzima kabisa.

Kabla ya kuandikiwa, usimfiche daktari kitu. Pumu ndiyo ya kwanza, hata kama ulikuwa nayo utotoni tu, kwa sababu dawa hii inaweza kubana njia za hewa. Kwa mwenye kisukari inaficha dalili za sukari kushuka. Mapigo ya moyo ya polepole, ujauzito, dawa nyingine unazotumia: taja zote. Tafadhali usiazime tembe za jirani wa presha.

Kwa kawaida huanza kwa dozi ndogo, tuseme 40 mg mara moja au mbili kwa siku, na daktari ndiye anayepandisha. Mimi kabla ya tembe ya asubuhi huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, nikahesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, niliagizwa nisimeze, nipige simu kwanza.

Vumilia miezi miwili au mitatu kabla ya kuihukumu. Nyuma ya daftari la vipimo vya wateja naandika tarehe, saa kichwa kilipoanza, na dawa ya maumivu niliyomeza. Ukizimeza hizo siku 10 au zaidi kwa mwezi, zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa.

Vidole vyangu hupoa, na nikiinuka ghafla kwenye cherehani naona kizunguzungu, basi nainuka taratibu.

Usiache ghafla, moyo unaweza kuchachamaa. Ukienda matanga Siaya, beba tembe za kutosha na ziada. Ukitaka kuacha, daktari atakupunguzia kidogo kidogo.

Na kichwa kikiuma pamoja na homa, usiseme ni kipandauso tu. Huku ziwani, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo.