CDE na TEA kwenye sabuni na losheni: jinsi ya kuzitumia usiharibu mzigo

Wadau wa sabuni za maji hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Makorora na Mikanjuni, naona CDE, ile ya maji mazito ya njano, tunainunua kwa mazoea tu, mtu anafika dukani "nipimie ya elfu tano" anaondoka, ukimuuliza hii ni kitu gani anakwambia ya kuongeza povu. Si uongo ila haitoshi, maana ukishajua ukoo wake ndo utajua na pa kuishia.

Ukoo wenyewe ni ethanolamini. Viwandani wanakutanisha amonia na oksidi ya ethilini, wanatoka ndugu watatu, MEA, DEA na TEA, yani mono, dai na trai-ethanolamini. Wote wana pande mbili, upande mmoja ni alkali kwa hiyo wanatuliza asidi, upande wa pili ni kama spiriti, unapatana sana na maji, ndo maana utawakuta kila mahali. CDE yetu ni DEA iliyopikwa pamoja na mafuta ya nazi, yani lile dumu la njano ndani yake nazi imo.

Sasa sabuni ya lita 20. Mie naweka slesi (SLES, ile sabuni nzito ya kutoa povu) kilo 1, salfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni) kilo 1, CDE gramu 300, na soda ashi (magadi ya kiwandani, ya kutuliza ile asidi) gramu 160 hivi ambayo nimeiloweka tangu usiku kwenye ndoo yake. Pima kwa mzani jamani, sio kwa kizibo. Slesi ikoroge kwanza yenyewe, alafu maji uyatie kidogo kidogo, ukiyamwaga yote kwa pupa inashikana mabonge na utakoroga mpaka magharibi. Salfoniki ndo inamiminwa kwenye maji, usigeuze. Soda ashi ukiitia itafoka povu, ni gesi inatoka, kwa hiyo nenda polepole na ndoo iwe kubwa. Pima pH, yani kiwango cha asidi na alkali, kwa karatasi yake, ukipata kati ya 7 na 8 hapo ndo CDE inaingia, asidi ikiwa imeshatulia. Kuna dada muuza chapati alinirudishia chupa, vidole vimechanika katikati ya viungo, nilipopima ile sabuni ilikuwa bado asidi kali, nilikuwa nimeitia soda kwa macho. Iliniuma sana, na tangu siku ile sifungi chupa bila karatasi ya pH.

Chumvi ndo inakuja mwisho, na hapa sisi wa pwani tunaumia kuliko wengine. CDE na chumvi zinafanya kazi pamoja kuifanya sabuni iwe nzito, lakini chumvi ina kilele chake, ukikipita sabuni inageuka maji tena. Visima vyetu vingi vina chumvi tayari! Mie nilichukua kipimo cha rafiki yangu wa Dar, nusu kilo, nikatia kwenye maji ya kisima cha Makorora, jioni nzito vizuri, asubuhi nakuta kama juisi, nikaongeza chumvi nikidhani haijatosha, ndo ikafa kabisa. Dawa yake ni kuichanganya na sabuni nyingine isiyo na chumvi. Ila bora zaidi chota glasi moja ya sabuni, tia maji ya chumvi kijiko kimoja kimoja, angalia inapoanza kulegea, ndo urudi kwenye ndoo ukiwa unajua mpaka wako.

TEA ni ya losheni na jeli, usiichanganye na CDE kichwani kwako, hata zikifanana kwa macho. Losheni ya kilo 1, asidi ya stiariki gramu 30 inayeyushwa na mafuta yako, TEA gramu 10 inakaa kwenye maji, sufuria zote mbili zifike nyuzi 70 mpaka 75 ndo unamimina huku unakoroga. TEA inaikamata ile stiariki inakuwa sabuni laini, na hiyo ndo inayoshikanisha mafuta na maji yasiachane. Kwa jeli ya nywele, tawanya kaboma, ule unga wa kufanya jeli iwe nzito, gramu 5 kwenye lita moja ya maji, utaona maji meupe mepesi kama ya kuoshea mchele, anza kudondosha TEA tone tone, ghafla inakuwa angavu na mwiko unasimama. Mie mpaka leo nikifika hapo nafurahi.

Kuhusu TEA iliyochakachuliwa, niliwahi kuuziwa dumu zima, losheni zote zikajitenga. Sasa nafanya hivi: nachukua chupa moja, naipima tupu, naipima na maji, naikausha, alafu naipima na TEA. TEA nzuri ni nzito kuliko maji mara 1.12 hivi, ukipata 1.05 ujue wameshaogelea humo. Maji kidogo hautayakamata kwa njia hii, ila wizi mkubwa utaukamata.

Mambo ya hatari sasa. Usichanganye hizi na jiki hata kidogo, inatoka gesi inayobana kifua. Usitie dawa ya kuhifadhi yenye naitraiti wala bronopoli kwenye mzigo wenye DEA au TEA, zinaweza kutengeneza nitrosamini, na nitrosamini ni za kuogopa kwa saratani. CDE yenyewe IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wameiweka kundi 2B, yani inawezekana inasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo usizidishe na vaa glavu. Na usihifadhi kwenye vyombo vya shaba, zinaila shaba. Ndoo ya plastiki basi.

Huko viwandani MEA inaoshea gesi asilia, inabeba kaboni dioksaidi, wakiichemsha inaitema na inarudi kazini, mvumbuzi Bottoms wa Marekani alipata hataza, yani haki ya uvumbuzi, ya mtindo huo mwaka 1930. Kwenye vinu vya saruji TEA kidogo tu, gramu mia kadhaa kwa tani, inazuia unga usigandamane tena ukishasagwa. Iko pia kwenye maji ya kupozea vyuma vinapokerezwa, na MEA imo kwenye rangi za nywele zile zilizoandikwa hazina amonia.

Mwisho kwa wa Lushoto, TEA safi inaganda kwenye nyuzi 21 hivi, kwa hiyo mwezi wa saba ukiikuta imekuwa kama samli usirudishe dukani, kaza kizibo, liweke dumu kwenye beseni la maji ya moto mpaka iyeyuke yote, litikise, ndo upime.