Moshi ukitanda Mbeya: jinsi ya kukaa ndani ukiwa na ugonjwa sugu wa mapafu

Mwezi wa tisa ukiingia, huwa ninawauliza wagonjwa wangu swali moja kabla hata sijawapima presha: jirani yako analima wapi? Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua hapa Mbeya. Mvua tunaitarajia Novemba, kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kusafisha mashamba. Mabua yanachomwa, majani ya milimani yanashika moto kichaa, na matanuri ya matofali yanawaka usiku na mchana. Mji wenyewe umekaa bondeni, mlima Loleza upande huu, Milima ya Uporoto upande ule. Usiku hewa ya baridi inashuka na kulala chini, na ile ya vuguvugu inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi unakosa pa kutokea. Ndiyo maana asubuhi ndiyo mbaya kuliko saa zote.

Ninayoandika hapa ni kwa mwenye pumu, kwa mwenye mirija ya hewa iliyoharibiwa na sigara au na miaka mingi ya jiko la kuni, kwa aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu, na kwa baba zetu waliochimba dhahabu Chunya, vumbi la mawe likawakaa mapafuni.

Hatua ya 1: Ijue siku ya moshi kabla haijafika

Zungumza na majirani wenye mashamba. Mzee mmoja ninayemhudumia alimwambia kijana wa jirani: "Mwanangu, siku utakayochoma mabua niambie jioni iliyotangulia, nifunge nyumba." Kijana akamjibu: "Sawa mzee, hata nikikubipu tu ujue ni kesho." Tangu hapo hajawahi kushtukizwa na moto wa shamba lile.

Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, chungulia dirishani. Kama siku zote unaiona Loleza na leo huioni, jiulize ni ukungu au ni moshi. Ukungu una unyevu, hauna harufu, na jua likipanda unayeyuka. Moshi unakausha koo, unawasha macho, na jua linaonekana jekundu. Vinaweza pia kuja pamoja, kwa hiyo ukiwa na mashaka kaa ndani.

Chembe zinazotuumiza zaidi huzioni kwa macho. Zina upana wa chini ya mikromita 2.5, na unywele wako ni mnene kuliko hizo karibu mara 30. Pua haizikamati, zinateremka hadi mwisho wa mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 24. Jiko la kuni katika chumba kisicho na dohani linapita kiwango hicho mara nyingi sana. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Hatua ya 2: Chagua chumba kimoja

Huwezi kuilinda nyumba nzima. Chagua chumba kilicho mbali na jiko, chenye dari, chenye madirisha machache. Kisha ukijaribu jioni moja kabla ya msimu: washa taa ndani, funga kila kitu, toka nje uizunguke nyumba. Kila unapoona mwanga unapenya, moshi utapita hapohapo. Mara nyingi ni pale ukuta unapokutana na bati. Paziba kwa matambara au mifuko iliyokunjwa. Chini ya mlango weka taulo bichi.

Wengi hutundika khanga mbichi dirishani wakaacha dirisha wazi, wakiamini itachuja moshi. Haichuji chembe ndogo. Kazi ya kitambaa kibichi ni kuziba upenyo, basi.

Hatua ya 3: Toa moto ndani

Hapa ninaomba usome taratibu, maana hapa ndipo ninapopoteza wagonjwa.

Mama mmoja aliletwa asubuhi akitapika, kichwa kinamgonga, hawezi kusimama. Alikuwa amefuata ushauri wetu: moshi umetanda, akafunga madirisha yote. Lakini asubuhi ya Mbeya ni baridi, na mjukuu wake, kwa upendo, akamletea jiko la mkaa miguuni. Mkaa ukishakolea hautoi moshi wala harufu, lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Nyumba ikiwa imezibwa vizuri, inaua haraka zaidi. Mama yule tulimuwahi. Kosa lilikuwa letu: tulimfundisha kufunga, hatukumfundisha kutoa moto.

Kwa hiyo ukifunga dirisha, jiko la mkaa na la kuni yakae nje. Ukiwa na jiko la gesi, lipikie chumba kingine, mlango wa chumba chako ukiwa umefungwa. Mgonjwa asipike siku hiyo, apike mwingine. Ukisikia baridi, vaa sweta na soksi mbili, jifunike blanketi, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, uifunge kwa kitambaa na kuiweka miguuni.

Udi, ubani, sigara, koroboi, mshumaa na koili ya mbu vyote ni moto. Tumia chandarua na tochi. Usifagie kwa fagio kavu. Deki kwa tambara bichi. Na mwenye mashine ya oksijeni nyumbani, moto wa aina yoyote usiukaribie kabisa. Hakikisha umeme wa LUKU umebaki wa kutosha, na umuulize daktari wako mapema ufanye nini umeme ukikatika.

Kama umepanga chumba kimoja na unapikia humohumo, sitakudanganya: hicho siyo chumba cha kukaa siku ya moshi. Panga na ndugu au rafiki mwenye nafasi, uende jioni kabla moshi haujashuka.

Hatua ya 4: Dawa zako, na chupa ya maji

Inhela ya kuzuia, ile ya kila siku, usiiache hata ukijisikia mzima. Inhela ya kutuliza, salbutamol, iwe mkononi, siyo kabatini. Hakikisha haijaisha, na usome tarehe ya mwisho.

Wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini. Kinachosaidia ni spesa, kopo la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo. Ya dukani inaweza kuwa ghali, lakini unaweza kuitengeneza mwenyewe. Madaktari wa Afrika Kusini waliijaribu chupa ya plastiki ya nusu lita kwa watoto wenye pumu na ikafanya kazi vizuri. Fanya hivi, ukiwa nje, na afanye mtu mzima asiyeumwa kifua:

1. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, safi, isiyowahi kuwekwa mafuta wala dawa.
2. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela. Upashe moto, ubonyeze kwenye kitako cha chupa mpaka utoboe tundu la umbo hilo. Inhela iingie kwa kubana.
3. Ziba pembeni kwa selotepu au gundi, na usitumie mpaka gundi ikauke kabisa.
4. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Usiifute: kufuta kunafanya dawa inase kwenye plastiki.

Kuitumia: tikisa inhela, ichomeke kwenye tundu, bana midomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja tu, kisha vuta na toa pumzi taratibu mara 4 hadi 6. Mpulizo mmoja kwa wakati. Ukipuliza miwili pamoja dawa inapotea. Mtoto mdogo anahitaji yenye kinyago, mpeleke kliniki apimiwe.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani

Kunywa maji au chai ya vuguvugu. Kama kifua kinabana, keti, inamia mbele, viwiko juu ya magoti, vuta hewa kwa pua na uitoe polepole kwa midomo uliyoikunja kama unayepoza chai. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Usijifukize. Najua nyungu ina heshima yake, lakini mvuke haung'oi masizi mapafuni, unaweza kukuunguza, na kwa wenye pumu mara nyingine unazidisha kubana.

Ukilazimika kutoka, barakoa ya kitambaa haikusaidii. Inayosaidia ni barakoa ya aina ya N95, inayochuja chembe ndogo, iliyobana uso vizuri. Ikikufanya uheme zaidi, ivue urudi ndani.

Hatua ya 6: Jua saa ya kuondoka

Kukaa ndani kuna mwisho. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zikigeuka rangi, ukichanganyikiwa au kusinzia ovyo, nenda hospitali sasa hivi. Shambulio la pumu likianza, puliza salbutamol mara moja kila nusu dakika hadi dakika moja, mpaka mara 10. Usipopata nafuu, ondoka, na uendelee kupuliza njiani. Nafuu ikija lakini ukaihitaji tena dawa kabla muda wa saa 4 haujapita, nenda pia. Namba ya bajaji unayemwamini iandike ukutani leo, na umwambie kabisa kwamba unaweza kumpigia usiku.

Wenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni: sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo namba za hapa huwa chini kidogo kuliko za Dar es Salaam. Jipime ukiwa mzima, uandike namba yako. Ikishuka kwa 4 au zaidi, au ikifika chini ya 90, usisubiri, isipokuwa daktari wako amekupangia kiwango kingine.

Na kikohozi cha wiki 2 usikisingizie moshi. Kapime makohozi.

Hatua ya 7: Moshi ukipungua

Mara nyingi ni kuanzia saa 7 au 8 mchana, jua likishapasha ardhi na upepo ukiamka. Loleza ikionekana na harufu ikiisha, fungua madirisha yote kwa nusu saa, deki sakafu, kung'uta mapazia nje (siyo wewe, mwingine). Funga tena kabla jua halijazama. Kisha chukua daftari, andika tarehe, moshi ulianza saa ngapi, na umepuliza salbutamol mara ngapi. Ukija kliniki njoo nalo. Ndilo ninaloliomba kwanza.