Mtu kavunjika mgongo zamani, aliishi au alikufa palepale? Jinsi ya kusoma mifupa

Nasoma mambo ya kale hapa Dar, na kila siku naulizwa sasa mfupa unasema nini. Unasema mengi, ila ukiishia mgongoni tu utadanganyika.

Jizoeze kwanza na supu, sitanii. Asubuhi ukimaliza supu ya mbuzi angalia ubavu, ukikuta una kinundu kinene katikati ujue yule mbuzi aliwahi kuvunjika akapona akaendelea kula majani mpaka siku ya kisu, lakini pale alipopiga panga mchinjaji kingo ni kali, kinundu hamna.

Sasa binadamu. Panga pingili 24 za uti wa mgongo kwa mfuatano, shingo 7, kifua 12, kiuno 5. Iliyopondwa inakuwa kama kabari, mbele fupi nyuma ndefu. Kingo kali, hakuishi sana. Ukiona mfupa mpya wenye vitundu kama sponji, hizo ni wiki kadhaa, na kama pamelainika na pingili mbili zimeshikana kama zimemwagiwa simenti hapo ongelea miezi mingi hadi miaka. Palipovunjwa na jembe lenu wenyewe mnaochimba panakuwa peupe kuliko kwingine. Na usichanganye na TB ya mgongo, ile inaleta kibiongo pia ila inatafuna pingili kwa mbele, halafu bibi kizee pingili zake zinaweza kubonyea tu bila ajali yoyote.

Haya, miguu, hapa ndo penyewe. Pingili kupona haikwambii kama alitembea. Linganisha mfupa wa paja na wa mkono, aliyepooza miguu mifupa yake ya chini inakonda na kuwa myepesi maana haibebi kitu, mikono iko vilevile, na kukonda huko hakuji kwa wiki mbili. Kisha geuza nyonga na mfupa wa kukalia, vidonda vya kulalia vikichimba sana mfupa unaliwa. Miguu imekonda halafu nyonga safi? Inawezekana kabisa kuna mtu alikuwa anamgeuza usiku na mchana. Kule Man Bac, Vietnam, kijana wa miaka kama 4000 iliyopita walimsoma hivihivi kwa mifupa iliyokonda, yeye hakuvunjika, pingili za shingo ziliungana tangu kuzaliwa, ila aliishi amepooza kama miaka kumi.

Kama miguu haikupatikana kaburini, andika "alipona", usiandike "alipooza".