Kuishi kwa Mpira wa Kikapu: Mwongozo kwa Binti wa Afrika Mashariki na Wazazi Wake

Binti anayetaka kuufanya mpira wa kikapu kuwa kazi yake huambiwa mara nyingi kwamba kinachohitajika ni kimo na bidii. Katika miaka niliyofundisha wasichana nimeviona vyote viwili kwa wingi. Waliokwama njiani walikwamishwa zaidi na goti lililokatika kano, au na karatasi iliyotiwa saini bila kusomwa. Kwa sababu hiyo nitayapita upesi yale ambayo kocha yeyote atakufundisha, ili nipate nafasi ya kukaa kwenye hayo mawili.

Anza na mpira wenyewe. Wanawake huchezea mpira namba 6, wenye mzunguko wa sentimita 72 hivi, ilhali wanaume huchezea namba 7. Kikapu chenyewe kiko juu mita 3.05 kwa wote. Shule zetu nyingi zina mipira ya wavulana tu, hivyo msichana wa miaka 13 huzoea kuusukuma kutoka kifuani kwa mikono miwili kwa kuwa umemzidi ukubwa na uzito, na mazoea hayo humsumbua hata akifika miaka 18. Mzazi akiweza kununua kitu kimoja, anunue mpira namba 6 kabla ya viatu vya bei kubwa. Kosa la pili ni letu sisi makocha: msichana mwenye urefu wa mita 1.80 huwekwa chini ya kikapu na kukatazwa kudunda mpira, kwa sababu katika mashindano ya shule hakuna wa kumfikia. Katika ligi kubwa za Ulaya urefu huo ni wa mchezaji wa pembeni, na wanaopigania ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu, huwa na mita 1.90 au zaidi. Mrefu wa shule ajifunze basi kudunda kwa mkono wa kushoto, na kurusha kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, yaani mita 6.75, maana huko ndiko atakakochezeshwa.

Usiuache mkondo wa masomo, kwa kuwa vyeti ndivyo vinavyofungua milango miwili kati ya mitatu iliyopo. Mlango wa kwanza uko nyumbani: Kenya zipo timu za mashirika, kama ile ya Mamlaka ya Bandari inayofanyia mazoezi Makande, Mombasa, na ile ya benki ya Equity, na katika timu za namna hiyo mchezaji anaweza kupata ajira kamili itakayobaki naye baada ya kustaafu uwanjani. Tanzania zipo timu kama JKT Stars na Vijana Queens, na Rwanda wako REG na APR. Sioni sababu ya kuudharau mlango huu.

Mlango wa pili ni ufadhili wa masomo katika vyuo vya Marekani. Mkenya Madina Okot alitoka Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akahamia South Carolina, ambayo ni miongoni mwa timu kubwa kabisa za wanawake nchini humo. Anayetaka njia hiyo aanze kujiandikisha na kituo kinachohakiki vyeti cha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, akiwa bado kidato cha tatu, kwa sababu kanuni za huko zinahesabu muda, na miaka anayoipoteza nyumbani baada ya mtihani wa mwisho inaweza kumpunguzia misimu ya kucheza. Awaandikie makocha wa vyuo moja kwa moja, akiambatanisha video ya mechi nzima pamoja na vipande vizuri, kwa kuwa kocha anataka kuona unavyokimbia kurudi kulinda baada ya kupoteza mpira. Afahamu pia kwamba viza ya mwanafunzi inambana sana katika kupokea pesa za matangazo, hata kama wenzake Wamarekani wanazipokea.

Mlango wa tatu ni klabu za ng'ambo. Mwadi Mabika, aliyezaliwa Kinshasa, aliichezea nchi yake katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na mwaka uliofuata, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilipoanza, akaingia Los Angeles Sparks bila kupitia chuo chochote cha Marekani. Alitwaa ubingwa nao mwaka 2001 na 2002. Njia hiyo ipo, lakini ni nyembamba mno: hata baada ya Toronto na Portland kuingia na kufikisha timu 15 mwaka 2026, kila timu ina nafasi zipatazo 12 tu, na dunia nzima inazigombea. Wengi wa wanaoishi kwa kikapu wanalipwa Uturuki, Hispania, Ufaransa, Italia au China. Hata mastaa walikwenda huko: Diana Taurasi aliuacha msimu mzima wa WNBA mwaka 2015 kwa sababu klabu yake ya Urusi ilimlipa zaidi ili apumzike.

Hapo ndipo karatasi inapoingia. Mchezaji niliyemfundisha alitumiwa mkataba wa kurasa mbili kwenye simu, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na mshahara wa kupendeza. Ukurasa wa pili uliipa klabu haki ya kuuvunja ndani ya siku 30 "isiporidhika," na haukutaja tiketi ya kurudi. Alicheza mechi tano, akateguka kifundo cha mguu, akaambiwa aondoke kwenye chumba cha klabu, na nauli yake tuliichangisha sisi kwenye kundi la WhatsApp la familia. Tangu siku ile sikubali binti yeyote atie saini kabla hatujakaa mezani na karatasi iliyochapishwa na kalamu.

Tunatafuta haya: kama mshahara uliotajwa ni baada ya kodi, na utalipwa tarehe ngapi, nani analipa pango, chakula na tiketi za kwenda na kurudi, bima inagharamia upasuaji au la, na mshahara unaendelea ukiumia au ukipata ujauzito. WNBA ilikubali mwaka 2020 kumlipa mjamzito mshahara wote, lakini kwingineko usitegemee wema, dai iandikwe. Tafuta pia kifungu kinachopeleka migogoro kwenye mahakama ya usuluhishi ya mpira wa kikapu, BAT, iliyoanzishwa na FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mwaka 2007 huko Geneva. Bila kifungu hicho huna pa kushtaki isipokuwa mahakama za nchi ya watu; ukiwa nacho, klabu inayokaidi hukumu inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji wapya. Wakala awe na leseni ya FIBA, ambayo unaweza kuithibitisha kwa jina lake, na ujira wake usizidi asilimia 10. Anayetaka umlipe kwanza ndipo akutafutie klabu, achana naye. Aliye chini ya miaka 18 hahamishwi kwenda nchi nyingine ila kwa masharti maalumu, na mtu anayekuahidi vinginevyo anakupeleka pabaya.

Sasa goti. Kano ya mbele ya goti hukatika kwa wasichana mara nyingi zaidi kuliko kwa wavulana, na mara nyingi hakuna aliyemgusa: aliruka kuchukua ribaundi, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, akasikia mlio. Baada ya upasuaji husubiri miezi tisa au mwaka, na upasuaji wenyewe una gharama ambazo familia nyingi hazina. Kinga yake ni rahisi na inafanyika hata kwenye uwanja wa saruji: dakika 15 mara tatu kwa wiki kabla ya mazoezi. Simama kwenye kibao cha urefu wa sentimita 30, shuka, tua kwa miguu miwili kwa ukimya kiasi kwamba aliye pembeni asisikie kishindo, nyonga zikirudi nyuma kana kwamba unakaa kitini. Mwambie mwenzako akupige video kutoka mbele, kisha mwitazame taratibu. Magoti yakikaribiana wakati wa kutua, punguza urefu wa kibao, imarisha misuli ya nyonga na ya nyuma ya paja, na urudie wiki baada ya wiki mpaka kila goti litue likielekea vidole vya mguu wake. Hapo ndipo uhamie kutua kwa mguu mmoja.