Chungu cha kupikia: kukifinyanga na kukichoma bila tanuri

Vyungu vingi vinavyopasuka motoni huwa vimeshaharibika kabla moto haujawashwa. Udongo haukujaribiwa, ukuta ni mnene huku na mwembamba kule, au kuna maji yaliyobaki ndani ya chungu kinachoonekana kikavu. Ndiyo maana hapa tutakaa zaidi kwenye udongo, ukaushaji na saa ya kwanza ya moto.

Udongo

Sokota kamba yenye unene wa penseli uizungushe kwenye kidole. Ikikatika, udongo hauna mnato wa kutosha. Ikizunguka na kutoa nyufa ndogo tu kwa juu, unafaa. Kisha tengeneza kipande bapa, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kiache kikauke kabisa halafu pima. Mstari wa sentimita 9.2 hadi 9.5 ni wa kawaida. Ukishuka chini ya 9, udongo unasinyaa mno, na chungu kitapasuka kivulini kabla hata hujafikiria kuni.

Anayechimba udongo pwani aongeze jaribio la chokaa: dondoshea siki au maji ya ndimu kwenye bonge kavu. Likitoa mapovu, lina chokaa. Chembe za matumbawe au kombe zikipata moto mkali hugeuka chokaa kavu yenye kiu ya maji. Baadaye hunyonya unyevu wa hewa, huvimba na kubandua magamba kwenye chungu kilichotoka motoni kizima, pengine wiki moja au mbili baada ya kuchomwa. Loweka udongo huo, ukoroge hadi uwe uji, uchuje kwa wavu wa mbu wa dirishani. Ukiendelea kutoa mapovu mengi hata baada ya kuchujwa, tafuta udongo mwingine.

Udongo mtupu haufai kwa chungu cha kupikia. Ponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, chekecha kwa wavu uleule, kisha changanya kipimo 1 cha chenga hizo kwa vipimo 4 vya udongo. Kwa udongo unaosinyaa sana, 1 kwa 3. Chenga hupunguza kusinyaa, huacha vijia vya mvuke kutokea, na ufa unaoanza ukikutana nazo huishia hapo. Wengine hutumia mchanga kwa sababu hauna kazi ya kuponda, lakini kwa chungu kitakachokaa mafigani vigae ni bora. Mchanga mwingi ni wa kwatzi, yaani madini magumu ya mawe, na kwatzi hutanuka ghafla moto ukifika nyuzi 573 za Selsiasi, kisha husinyaa ghafla ukishuka hapo. Vigae vimeshapita motoni na hutanuka sawa na udongo unaovizunguka. Unapoponda, nyunyizia maji kidogo na ufunge kitambaa puani, kwani vumbi hilo huharibu mapafu.

Kanda mchanganyiko hadi ukiukata kwa uzi usione tundu la hewa wala bonge, kisha uache ndani ya nailoni kwa wiki moja au zaidi.

Kufinyanga

Anza na kitako ndani ya kigae kipana kilichopakwa majivu ili udongo usigande. Kitako kiwe cha mviringo, kwa sababu kona hupokea joto tofauti na ukuta na hapo ndipo ufa huanzia. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kijiji cha Ikombe nchini Tanzania, vinavyovushwa kwa mitumbwi katika Ziwa Nyasa hadi gulio la Matema, vina umbo hilo la mviringo, na kwenye mafiga hutulia vizuri.

Panda juu kwa kamba za udongo zenye unene wa kidole gumba. Kila kamba ibanwe kwa kuburuta udongo wake chini, ndani na nje, mpaka alama ya kiungo ipotee pande zote mbili. Kulainisha nje tu kunapendeza macho huku kiungo cha ndani kikibaki wazi. Baada ya kamba tatu au nne, acha sehemu ya chini ikakamae kidogo, la sivyo tumbo litabonyea. Kwangua ukuta kwa gunzi la hindi au kipande cha kifuu hadi ubaki milimita 7 au 8 kila mahali. Udongo ukikakamaa, sugua kwa kijiwe laini.

Kukausha

Anika kivulini, pasipo upepo. Mdomo hukauka kwanza, kwa hiyo ufunike kwa nailoni siku mbili tatu; ukishaweza kubeba uzito, pindua chungu ili kitako nacho kipate hewa. Wiki moja hadi mbili zinatosha wakati wa kiangazi, masika huchukua zaidi. Rangi iliyopauka isikudanganye. Weka chungu shavuni: kikiwa cha baridi bado kina maji. Mwenye mizani apime kila asubuhi. Uzito usipobadilika kwa siku mbili mfululizo, kimekauka.

Moto

Hata chungu kilichokauka hivyo kina unyevu uliojificha. Kipashe moto kwanza: kianike juani saa kadhaa, halafu kiinamishe juu ya mawe matatu na makaa machache chini yake, ukiongeza kidogokidogo kwa saa moja hadi mbili, hadi kisishikike kwa mkono mtupu. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayovunja vyungu vingi kuliko zote. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Yasipopata njia, huilazimisha.

Hamishia vyungu vikiwa vya moto kwenye kitanda cha kuni kavu na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Vizungushie vigae vikubwa kuzuia upepo, funika kwa kuni nyembamba, kisha nyasi. Washa upande ambao upepo unaelekea, ili moto utambae taratibu kuurudia upepo badala ya kurukia lundo zima. Jioni ni wakati mzuri, maana rangi ya chungu huonekana. Wekundu hafifu ni kama nyuzi 650 hadi 700. Subiri wekundu wa kukolea, uushikilie dakika 15 au 20, kisha funika kwa majivu na uache mpaka asubuhi.

Kusoma vigae

Kilichovunjika usikitupe kabla ya kukitazama. Gamba la duara lililoruka kwa kishindo mwanzoni mwa moto ni mvuke. Ufa unaozunguka chungu kama mkanda ni kiungo cha kamba ambacho hakikubanwa. Ufa ulioachama wenye kingo za kukwaruza, unaoshuka kutoka mdomoni, ulianza wakati wa kukausha. Ulio mwembamba kama unywele wenye kingo kali umetokana na kupoa haraka. Chungu kinacholainika kikilowekwa hakikuiva: hakikuvuka nyuzi 600 kwa muda wa kutosha. Mabaka meusi ni masizi ya kuni zilizokigusa, hayana madhara.

Chungu kizima kikigongwa kwa kifundo cha kidole hulia kwa mlio mkali. Chenye ufa hutoa sauti butu.

Kabla ya kupikia, kiloweke usiku mmoja, kijaze uji mwepesi wa mahindi, uuchemshe kwa moto mdogo mpaka uwe mzito, kisha umwage. Wanga huziba vitundu. Kila unapokitumia, anza na moto mdogo, na usimimine maji baridi ndani ya chungu kilichochemka.