Kupandisha kasi ya prosesa kwenye ubao mama wa bei nafuu: hatua kwa hatua, pamoja na tiba ya kompyuta isiyotulia

Kompyuta nyingi zinazofika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Arusha ili ziongezewe kasi zimeunganishwa kwa bajeti ndogo: ubao mama wa bei nafuu, prosesa nzuri iliyokwisha kutumika, na feni ile iliyotoka nayo kiwandani. Wenye kompyuta hizo ni vijana wanaohariri video za harusi na za safari za mbugani, au wanaocheza gemu, na karibu wote huanza kwa kuuliza prosesa yao inaweza kufika gigahezi ngapi. Kwa ubao wa namna hii swali hilo linakuja baadaye, kwa sababu kinachoweka mpaka mara nyingi si prosesa yenyewe bali ni ile sehemu ya ubao inayoilisha umeme, pamoja na joto linalojikusanya hapo. Mwongozo huu unaanzia kwenye sehemu hiyo.

Mfano nitakaoutumia ni ubao wenye chipseti (chipu kuu inayosimamia ubao) ya B450 na prosesa ya AMD ya Ryzen 5 2600. Prosesa hii ilitoka mwaka 2018, ina viini 6 (sehemu zinazofanya hesabu kwa wakati mmoja), kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.4, na hujipandisha yenyewe hadi 3.9 kazi inapokuwa nyepesi. Kazi nzito inapovishika viini vyote, kasi hushuka. Lengo letu ni kuvifanya viini vyote sita vifanye kazi kwa gigahezi 3.9 bila kushuka na bila kompyuta kuzima.

Hatua ya 1: Hakikisha ubao unaruhusu

Kwa upande wa AMD wenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye ubao) ya AM4, chipseti ya A320 hairuhusu kupandisha kasi ya prosesa, ilhali B350, B450 na B550 zinaruhusu. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida unahitaji chipseti ya kundi la Z na prosesa ambayo jina lake lina herufi K. Kama huna hivyo viwili, usihangaike na njia za mkato. Fedha yako iweke kwenye RAM na SSD.

Hatua ya 2: Kagua sehemu ya umeme kabla ya kugusa BIOS (programu ya mipangilio iliyo ndani ya ubao)

Fungua kasha na utazame pembeni mwa soketi ya prosesa. Utaona koili ndogo za mraba zimepangwa kwa mstari, na kando yake transista bapa nyeusi. Hiyo ndiyo VRM, yaani sehemu inayoshusha volti 12 kutoka kwenye pawa saplai hadi volti 1 na kidogo zinazohitajiwa na prosesa. Kwenye bao za bei nafuu koili ni chache, hivyo kila moja hubeba mzigo mkubwa, na mara nyingine transista hazina hata kipande cha alumini cha kuzipoza. Ukikuta ziko wazi namna hiyo, ridhika na ongezeko dogo sana la kasi, au uiache prosesa ilivyo.

Sababu ni ya kihesabu. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa uwiano wa kasi, lakini kwa volti huongezeka kwa kipeo cha pili. Ukitoka gigahezi 3.6 kwa volti 1.20 ukaenda 3.9 kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa asilimia 8 tu, ilhali matumizi ya umeme yamepanda kwa takriban asilimia 37. Mzigo wote huo unapita kwenye zile transista. Ndiyo maana ninawasihi wateja wangu wasing'ang'anie megahezi 100 za mwisho: ni ghali kwa joto, na kwenye kuhariri video hutaziona kwa macho.

Hatua ya 3: Tengeneza mazingira ya hewa na umeme

Puliza vumbi kwa bloa, hasa katikati ya mapezi ya kipoza joto. Futa pesti ya zamani iliyo kati ya prosesa na kipoza joto na upake mpya kiasi cha punje ya maharage madogo. Halafu uangalie feni inapuliza kuelekea wapi, jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Feni fupi inayokuja na Ryzen 5 2600 hupuliza kwenda chini, na hewa yake husambaa juu ya VRM. Ukiibadilisha kwa kipoza joto kirefu cha mnara, prosesa itapoa vizuri zaidi lakini VRM itabaki bila upepo. Nimewahi kupokea kompyuta ambayo mwenyewe alishangaa kwamba inafanya kazi polepole baada ya kuwekewa kipoza joto cha gharama; nilifunga feni ndogo ya pembeni ikielekea kwenye zile transista, na tatizo likaisha palepale.

Kuhusu umeme, ingia BIOS usome mstari wa volti 12. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta, kinaruhusu tofauti ya asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo wakati wa kazi nzito, badilisha pawa saplai kwanza. Mitaa yenye mafundi wa kuchomelea vyuma, taa hufifia kila wanapoanza kazi, na kompyuta inaweza kuzima katikati ya jaribio ukaishia kuilaumu prosesa bure. Fanya majaribio yote ukiwa kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Kama utahuisha BIOS, UPS ni ya lazima, kwa kuwa umeme ukikatika wakati programu inaandikwa, ubao unaweza usiwake tena.

Hatua ya 4: Pima hali ya mwanzo

Nakili mafaili yote muhimu kwenye diski nyingine, kwa sababu kompyuta isiyotulia inaweza kuharibu data kimyakimya. Fahamu pia kwamba dhamana ya AMD haigharamii madhara ya kupandisha kasi. Kisha endesha Cinebench (programu ya kupima nguvu ya prosesa kwa alama) huku HWiNFO (programu inayoonyesha joto, volti na kasi) ikiwa wazi, na uandike kwenye daftari alama ulizopata, joto la juu la prosesa, joto la VRM kama ubao una kipimo chake, kasi ya viini vyote, na joto la chumba. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, na nitalirudia.

Hatua ya 5: Panda kidogo kidogo

Ndani ya BIOS, iache RAM kwenye kasi yake ya kawaida kwanza, ili tatizo likitokea ujue linatoka wapi. Weka "CPU Ratio", yaani kizidisho, kuwa 37. Kwa kuwa saa ya msingi ni megahezi 100, hiyo ni gigahezi 3.7. Weka "CPU Core Voltage" kuwa 1.25 kwa mkono, kwani ukiiacha kwenye "Auto" bao nyingi huweka volti nyingi kuliko inavyohitajika. Hifadhi, ingia Windows, endesha Cinebench mara kadhaa. Ikipita, nenda 38, kisha 39. Ikigoma, ongeza volti kwa 0.0125 na ujaribu tena. Mpaka wangu kwa prosesa hii kwenye ubao wa bei nafuu ni volti 1.35. Prosesa yenyewe inaweza kuvumilia zaidi, lakini VRM na feni ndogo haziwezi.

Hapa utakutana na tabia moja ya bao hizi. Umeandika 1.35 kwenye BIOS, lakini kazi nzito inapoanza HWiNFO inaonyesha 1.29 au hata 1.27. Volti zimezama kwa sababu ya mzigo, na hiyo ndiyo inayoangusha kompyuta, si namba uliyoandika. Mpangilio unaoitwa "Load-Line Calibration" hupunguza kuzama huko. Chagua kiwango cha kati. Kiwango cha juu kabisa hufanya volti ziruke kupita ulichoweka kila mzigo unapoondoka ghafla, nawe huwezi kuona mruko huo kwenye programu, kwa kuwa ni wa muda mfupi mno. Tangu hapo, andika kwenye daftari volti zinazosomeka wakati wa kazi, na maamuzi yako yafuate hizo.

Hatua ya 6: Jaribu kwa kina

Cinebench ni ya kuchuja tu. Ukishapata mpangilio unaoonekana kutulia, endesha Prime95, programu inayoibebesha prosesa mzigo mzito wa hesabu, kwa jaribio la "Small FFTs" kwa saa moja, na baadaye kwa muda mrefu zaidi, ukiwa karibu na kompyuta. Kikomo cha Ryzen 5 2600 ni nyuzi joto 95. Mimi hukatisha jaribio joto likifika 85. VRM nayo ikivuka 100, rudi nyuma. Baada ya hapo fanya kazi halisi ya mwenye kompyuta: hariri na uhifadhi (export) video ndefu, au cheza gemu lake jioni nzima.

Kompyuta isipotulia

Dalili husema mengi, ukizisoma bila haraka. Kama Prime95 imesimamisha kiini kimoja kwa kosa la hesabu huku Windows ikiendelea, umekosa volti kidogo tu. Ongeza hatua moja. Skrini ya bluu yenye maandishi "WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR" au "CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT" pia huelekeza kwenye volti za prosesa, au kasi iliyopitiliza. "MEMORY_MANAGEMENT" inakupeleka kwenye RAM. Ikizima ghafla bila skrini ya bluu, chunguza pawa saplai na waya wa umeme wa prosesa ulio juu ya ubao kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Dalili inayosumbua mafundi ni kompyuta isiyozima kabisa, lakini alama zake zinashuka kila jaribio linaporudiwa. Joto la prosesa liko sawa, hakuna kosa lolote, ila ukitazama kasi kwenye HWiNFO unaona inaanguka ghafla na kurudi. Hiyo ni VRM inayojilinda dhidi ya joto, na kuongeza volti kutazidisha tatizo. Punguza volti na kizidisho, au peleka upepo pale.

Ikigoma kuwaka kabisa, zima, chomoa waya, kisha gusisha pini za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa bisibisi kwa sekunde chache, au toa betri ya CR2032 kwa dakika kadhaa. BIOS itarudi kwenye mpangilio wa kiwandani.

Hatua ya 7: RAM

Prosesa ikishatulia, washa XMP, yaani mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi iliyoandikiwa na mtengenezaji wake. Kwenye Ryzen, kasi ya njia inayounganisha viini hufuata kasi ya RAM, hivyo kutoka 2400 kwenda 3000 kunaleta faida kubwa kwa joto dogo. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, hadi imalize mizunguko yote bila kosa hata moja. Kosa moja ni mengi. Kama RAM zako ni za chapa mbili tofauti, shusha hadi 2933 au 2666, kwani kuzilazimisha ni kupoteza muda.

Hatua ya 8: Acha nafasi ya majira na mahali

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu. Usitarajie nyuzi unazoziona kwenye video za watu wa nchi nyingine. Zaidi ya hapo, joto la chumba hujumlishwa karibu moja kwa moja kwenye joto la prosesa. Kompyuta iliyopimwa hapa mwezi Julai kwenye chumba cha nyuzi 18 ikafika 80, ukiipeleka Moshi mwezi Februari kwenye chumba cha bati chenye nyuzi 33, inakaribia 95, ambao ndio ukomo wake.

Kwa sababu hiyo, kazi ninayoifanya Julai huipima nikiwa nimefunika matundu ya kasha kwa sehemu hadi joto la ndani lifanane na la kiangazi, na mteja wa Moshi mimi humpa profaili (mipangilio iliyohifadhiwa) mbili kwenye BIOS: ya gigahezi 3.9, na nyingine ya 3.7 kwa volti 1.20 atakayoichagua kuanzia Januari hadi mvua za masika zitakaposhuka.